Lehemu, Mabati na Betri: Kuunganisha Risasi Mkoani Mara

Risasi ni metali nzito na laini. Ukucha huikwaruza, mkasi wa bati huikata bila taabu, na bamba lake hukunjika kwa mkono. Huyeyuka kwa nyuzijoto 327, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia bila kupulizwa sana. Tangu enzi za Warumi mabamba yake yameunganishwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuyeyusha kingo za mabamba yenyewe mpaka zichanganyike, fundi akiongeza kijiti cha risasi ileile pale panapopungua. Huko ndiko kuchomelea. Ya pili ni kuyashika kwa lehemu, mchanganyiko wa risasi na bati halisi, ile metali nyeupe inayopakwa ndani ya makopo. Bati likiwa asilimia 63 na risasi asilimia 37, mchanganyiko huyeyuka kwa nyuzijoto 183. Kati ya 183 na 327 ndipo fundi anapofanyia kazi yake: lehemu imeyeyuka, bamba bado limesimama. Akipitisha hapo, anabaki na tundu badala ya kiungo.

Ulaya ilifunika mapaa ya makanisa na majumba yake kwa mabamba ya aina hiyo. Mkoani Mara, Tanzania, paa la risasi halikuwa desturi. Nyumba za Musoma, Bunda na Butiama zilitoka kwenye nyasi zikaingia kwenye bati la chuma lililopakwa zinki. Risasi yenyewe ilifika ikiwa imejificha ndani ya vitu vingine: kwenye mishono ya madebe na taa, kwenye rejeta za malori, kwenye betri, kwenye kamba za nyavu. Kwa hiyo historia ya kuiunganisha mkoani humo haipatikani juu ya mapaa. Inapatikana kwenye vyombo vya maji, vya mwanga na vya usafiri.

Kabla ya vyombo hivyo, kuunganisha metali kulikuwa kazi ya wahunzi wa chuma. Katika nchi ya Wazanaki, ambako Butiama ipo, na kwa jirani zao Waikizu, uhunzi ulishikwa na Waturi, watu waliohitajiwa na kila mlima jembe lakini waliokaa kando kidogo na wengine, hata katika mambo ya kuoana. Sehemu kubwa ya chuma cha Kanda ya Ziwa ilitoka magharibi zaidi, kwa Warongo wa Uzinza waliochimba mawe ya chuma, wakayayeyusha na kufua majembe. Majembe hayo yalisafiri kwa mitumbwi na kwa vichwa vya watu, yakafanyiwa biashara na kutolewa mahari. Jembe lililochakaa halikutupwa. Mhunzi alilirudisha motoni likawa kisu au mkuki.

Chuma huyeyuka kwa nyuzijoto 1,538, na mivukuto ya ngozi haikuwa na nguvu ya kukifikisha huko. Mhunzi hakuhitaji kufika huko. Alikipasha moto mpaka kikakaribia weupe, akaweka kipande juu ya kingine, akapiga haraka kabla rangi haijarudi kwenye wekundu. Vipande vilishikana bila kuyeyuka. Kwa mtu mwenye ujuzi huo, risasi ingekuwa metali ya mchezo, lakini haikuwapo kwa wingi. Katika karne ya 19 ilikuja hasa kama risasi za bunduki, kutoka pwani, pamoja na baruti, shanga na nyaya za shaba, na nchi ya Mara ilikuwa pembeni mwa njia kuu za misafara.

Kilichobadilisha mambo ni reli na meli. Mwaka 1901 reli ya Uganda ilifika Ziwa Victoria, mahali panapoitwa Kisumu leo. Meli za mvuke zilifuata: Winifred mwaka 1902, Sybil mwaka 1904, Clement Hill mwaka 1907. Zilileta mizigo kwenye bandari za ziwa lote, za upande wa Wajerumani zikiwamo, na ndani ya mizigo hiyo kulikuwa na vitu viwili vinavyohusu habari hii. Cha kwanza ni mabati ya migongo. Mwingereza Henry Robinson Palmer alipata hataza ya bati la migongo mwaka 1829, na Mfaransa Stanislas Sorel akapata ya kupaka chuma zinki mwaka 1837. Viwili hivyo vilipokutana, dunia ikapata paa jepesi linalobebeka. Cha pili ni debe la mafuta ya taa. Mafuta yalisafirishwa katika madebe ya mraba ya galoni 4, mawili katika kila sanduku la mbao, na mafuta yalipokwisha, debe lilianza maisha yake ya pili.

Ni vigumu kutaja kitu kingine kilichotumika upya kwa namna nyingi kuliko debe. Likiwa zima lilichota maji na kupima mahindi; sokoni bado mahindi na mihogo mikavu huuzwa kwa debe hata pale ambapo chombo chenyewe kimekuwa ndoo ya plastiki. Likipasuliwa lilitoa bamba tambarare la chuma chembamba lililopakwa bati halisi, yaani bamba lililo tayari kwa lehemu. Kwenye mitumbwi ya mbao ya Ziwa Victoria, vipande vya bati la makopo vilipigiliwa misumari juu ya nyufa zilizokwisha kuzibwa kwa pamba, kuzuia maji. Mikononi mwa fundi bati likawa kibatari, faneli, kopo la kupimia, birika, chombo cha kunyweshea kuku.

Zana za fundi bati ni chache. Ana mkasi, nyundo ya mbao, kipande cha reli au bomba nene cha kukunjia, jiko la mkaa, na chuma cha kulehemu. Hicho cha mwisho ni donge la shaba lililochongwa ncha, likafungwa kwenye fimbo ya chuma yenye mpini wa mti. Shaba huchaguliwa kwa sababu hubeba joto jingi na kulitoa upesi. Donge hukaa kwenye makaa mpaka ulimi wa moto unaolizunguka uonyeshe ukijani. Hapo fundi hulitoa, hulipitisha kwenye tupa kuondoa weusi, hulichovya kwenye dawa na kulisugua kwenye lehemu mpaka ncha ing'ae. Shaba isiyong'aa hailehemu hata ikiwa moto kiasi gani.

Dawa hiyo ndiyo siri ya nusu ya kazi. Hewa na joto huweka utando juu ya metali, na lehemu hukataa kushika juu ya utando. Hujikusanya vidonge na kuviringika. Kwa bati la makopo, ulimbo uliosagwa unatosha. Kwa bati la zinki inahitajika kitu kikali zaidi, na fundi huweza kukitengeneza mwenyewe: vipande vya zinki kutoka kwenye maganda ya betri kuukuu za redio hutiwa ndani ya asidi ya haidrokloriki, ikachemka mpaka ikatulia, na maji yaliyobaki ni kloridi ya zinki. Wengine hupaka asidi hiyo moja kwa moja juu ya bati la zinki, kwa kuwa zinki ya bati lenyewe hutengeneza dawa papo hapo. Inafanya kazi, lakini kiungo kisipooshwa kwa maji mengi, asidi iliyobaki hula chuma kimyakimya, na mfereji hutoboka pembeni mwa mshono ilhali mshono wenyewe ni mzima. Mwenye nyumba hulaumu lehemu. Mwenye kosa ni maji ya kuoshea yaliyokosekana.

Fundi mzuri haitegemei lehemu kubeba uzito. Hukunja ukingo wa bamba moja, akakunja wa pili kinyume chake, akazishikanisha zote mbili kama vidole vilivyopinda na kuzigonga zilale. Mkunjo ndio hubeba. Lehemu huziba tu. Tranka la bati la mwanafunzi wa bweni, kopo la kumwagilia bustani na mfereji wa maji ya mvua vyote vilijengwa kwa kanuni hiyo.

Mfereji una uzito wake katika habari ya Mara. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977, na kampeni hiyo ilienda sambamba na kuhamishia watu katika vijiji vilivyopangwa. Madarasa yaliongezeka, na darasa lilimaanisha mabati, na paa la mabati lilihitaji mfereji. Kiwanda cha mabati cha ALAF kilikuwa kinafanya kazi Dar es Salaam tangu mwaka 1960, na SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Kisha ikaja miaka migumu baada ya Vita ya Kagera ya 1978 na 1979, fedha za kigeni zikakosekana, na bidhaa za dukani zikaadimika mpaka katikati ya miaka ya 1980. Miaka hiyo fundi bati alikuwa kiwanda. Kilichokuwa hakipatikani dukani kilitoka kwake, kikiwa kimetengenezwa kwa kopo la mafuta ya kupikia au pipa lililopasuliwa, mara nyingi maandishi ya kampuni yakisomeka bado ndani ya chombo.

Ufukweni, Mwigobero na Makoko mjini Musoma, na kwenye mialo ya upande wa Bunda, kazi ya lehemu ilikuwa na mteja wa pekee: mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa kuwavuta kwa mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa, kazi husimama. Kwa miongo mingi mwanga huo ulikuwa karabai, taa ya mafuta ya taa yenye pampu na utambi wa kitambaa cheupe, iliyoelea juu ya boya dogo. Tangi la karabai hushikilia hewa iliyoshindiliwa. Mshono ukilegea, au kutu ikitoboa kitako kilichoshinda usiku kwenye maji, shinikizo hushuka, mwanga hugeuka njano, na dagaa hutawanyika kabla wavu haujashushwa.

Kulilehemu tangi lililokaa na mafuta ya taa ni kazi inayoua. Mvuke wa mafuta uliobaki ndani hulipuka ukipata joto. Tangi humwagwa, huoshwa kwa maji ya moto na sabuni zaidi ya mara moja, kisha hujazwa maji karibu na tundu ili nafasi ya mvuke iwe ndogo kabisa. Tangi likiwa la shaba ya njano, lehemu hushika vizuri, ila maji yaliyomo hunyonya joto, na donge la shaba linalotosha kwa kopo halitoshi hapo. Linahitajika kubwa zaidi, au mawili yakipokezana motoni. Lehemu iliyowekwa kwa joto pungufu huonekana imeshika, ikiwa na uso wa kijivu usiong'aa, na huachia mara pampu inapoanza kusukumwa.

Ziwani risasi ilikuwa pia uzito wa kawaida. Nyavu za makila zilizofumwa kwa kitani zililetwa katika Ghuba ya Kavirondo mwaka 1905 na Mnorwe aliyeitwa Aarup, zikaenea ziwani. Wavu wa aina hiyo huhitaji maboya juu na uzito chini ili usimame majini. Mawe yanatosha, lakini risasi ni bora: kipande kidogo kina uzito mwingi, hakikwami, na huzungushiwa kamba kwa kukunjwa tu. Hiki ni kiungo kisicho na moto wala lehemu, na pengine ndicho kilichofanyika mara nyingi kuliko vyote.

Risasi hiyo ya nyavu ilikuwa na chimbuko la karibu, yaani betri za magari. Ili kuelewa kwa nini betri ilizaa kazi tofauti na ya fundi bati, inabidi kurudi Birmingham, Uingereza, mwaka 1746, ambako John Roebuck alianza kutengeneza asidi ya salfuriki ndani ya vyumba vilivyojengwa kwa mabamba ya risasi. Risasi haiogopi asidi hiyo: uso wake hujifunika salfeti isiyoyeyuka, na hapo asidi huishia. Lehemu haina kinga hiyo kwa sababu ya bati lililomo, hivyo mshono wa lehemu ulikuwa mlango wa kuvujia. Mwishoni mwa miaka ya 1830, Mfaransa Desbassayns de Richemont alipata ufumbuzi kwa mwali mwembamba wa haidrojeni na hewa uliounganisha risasi kwa risasi bila kitu kingine. Uchomeleaji wa risasi kama ufundi wa viwandani ulianzia hapo.

Mwaka 1859 Gaston Planté, naye Mfaransa, alitengeneza betri ya kwanza inayochajiwa upya, yenye mabamba ya risasi ndani ya asidi ileile. Sheria ya Birmingham ikahamia ndani ya kisanduku: mabamba ya betri huunganishwa kwa risasi, kamwe si kwa lehemu.

Betri za zamani ziliruhusu fundi kuingia. Kisanduku kilikuwa cha mpira mgumu, vyumba vyake vimezibwa juu kwa lami, na vyuma vya risasi vinavyounganisha chumba na chumba vilikuwa nje, vikionekana. Chumba kimoja kikifa, betri nzima haikutupwa. Fundi betri alikata kiungo cha risasi, akalainisha lami kwa moto, akavuta kundi la mabamba, akabadilisha yaliyooza na vitenganishi vyake, akarudisha. Kisha ikaja sehemu ngumu: kurudisha kiungo. Nguzo na daraja la risasi hukwaruzwa kwa kisu mpaka zing'ae, pete ya chuma huwekwa kuzunguka ili risasi isimwagike, na mwali huelekezwa katikati, si pembeni. Risasi hukaa ngumu, ngumu, kisha ghafla uso wake huwa kioo. Fundi hudondoshea kijiti na kuondoa moto mara moja. Kabla ya kuwasha chochote hupuliza hewa vyumbani, kwa kuwa betri iliyotoka kuchajiwa hutoa haidrojeni, ileile aliyoitumia de Richemont, na cheche moja inatosha kuirusha asidi machoni.

Asiye na gesi alikuwa na njia nyingine, ijulikanayo kwa mafundi betri mahali pengi: kijiti cha kaboni kutoka kwenye betri ya redio huunganishwa kwa waya na betri nzima ya gari, na ncha yake ikigusa risasi huwaka nyekundu na kuiyeyusha. Betri mbovu inatibiwa kwa betri nzima na mfupa wa betri iliyokufa. Ni ufumbuzi wa werevu mkubwa kuliko unavyoonekana, kwa sababu joto hutokea pale penye kugusa tu, na kisanduku cha mpira hakiungui.

Katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki ufundi wa tatu wa risasi ulifanyika chini ya barabara. Nyaya za simu na za umeme zilizozikwa ardhini zilivikwa koti la risasi kuzuia unyevu, na kila kiungo kilifunikwa kwa mkono wa risasi uliozibwa kwa lehemu yenye bati kidogo, takriban theluthi moja. Lehemu hiyo haigandi papo hapo. Kwa muda hukaa nusu ugali, na fundi huipangusa kwa kitambaa kizito kilichopakwa mafuta ya mnyama mpaka iwe uvimbe laini. Makoti ya plastiki yaliiondoa kazi hiyo polepole.

Plastiki hiyohiyo ndiyo iliyofunga mlango wa fundi betri. Kisanduku cha plastiki kilichofungwa kwa joto, chenye viungo vilivyopitishwa ndani ya kuta, hakifunguliwi na kurudishiwa. Cha ajabu ni kwamba betri zenyewe ziliongezeka. Kabla ya nguzo za umeme kufika vijijini, betri ya gari iliwasha redio na televisheni nyumbani na kupelekwa mjini kuchajiwa juu ya kiti cha nyuma cha baiskeli. Baadaye ikaja sola. Na ziwani taa za LED zikaanza kuchukua nafasi ya karabai. Betri inapokufa sasa huenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Huko ndiko madhara makubwa yalikoonekana. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio huumia zaidi, kwa kuwa risasi huathiri ubongo unaokua. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichafua udongo na maji ya majirani. Katika kesi iliyofunguliwa na wakazi, mahakama mwaka 2020 iliamuru fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Fundi mmoja anayeyeyusha risasi ya nyavu kwenye sufuria uani hafanyi uharibifu wa kiasi hicho, lakini vumbi la kijivu linalobaki juu ya sufuria ni oksidi ya risasi, na kuku na watoto hupita uani palepale.

Bamba la risasi lenyewe, lile halisi, hupatikana hospitalini. Mlango na kuta za chumba cha eksirei hukingwa kwa risasi au kwa tofali na lipu nzito. Bamba la milimita 2 lina uzito wa karibu kilo 23 kwa kila mita ya mraba, hivyo haliwezi kuning'inia lenyewe. Hugandishwa kati ya mbao. Kwa kawaida mabamba hayo hayachomelewi. Ukingo mmoja hulazwa juu ya mwingine, na vichwa vya misumari hufunikwa kwa vipande vya risasi, kwa kuwa mionzi hupita kwenye mwanya ulionyooka.

Lehemu ya risasi iliendelea kwa muda mrefu zaidi barabarani. Bunda iko juu ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma na Sirari, mpakani mwa Kenya, na malori yanayopanda na kushuka hapo yalikuwa na rejeta za shaba zenye matangi ya shaba ya njano, zote zimeshikwa kwa lehemu. Fundi rejeta huziba matundu, huzamisha rejeta kwenye beseni la maji na kusukuma hewa, mapovu yakamwonyesha panapovuja. Kisha hukausha, husugua, hupaka dawa na kulehemu kwa mwali mdogo, akiogopa kuiachisha mirija ya jirani. Rejeta za alumini zenye matangi ya plastiki hazimpi nafasi hiyo. Utando wa alumini hurudi mara tu unapokwanguliwa, lehemu ya risasi haishiki, na plastiki haihitaji maelezo.

Umeme wa vijijini, uliosukumwa na Wakala wa Nishati Vijijini tangu ulipoanza kazi mwaka 2007, ulileta mashine za kuchomelea katika senta ambazo awali zilikuwa na mkaa tu. Fundi anayefunga mageti na madirisha hutumia mwali wa umeme unaoyeyusha chuma chenyewe, joto ambalo Waturi hawakulifikia. Mashine hiyo haifai kwa bati jembamba, hulitoboa. Mifereji mipya hushikwa kwa ribiti na gundi ya silikoni au huwa ya plastiki tangu mwanzo, maji ya mvua yakiishia kwenye matangi ya plastiki meusi. Donge la shaba limebaki kwa wachache wanaotengeneza makopo ya kumwagilia, vipimio na vibatari, na ncha ndogo ya umeme imehamia kwa mafundi simu na redio, ambao lehemu yao huuzwa ikiwa waya mwembamba wenye ulimbo ndani yake.